Nakala ya Tano

Ndugu Salehe Kirumbi, Mkuu wa Kituo cha Takwimu za Wakulima, alikuwa na majibu kabla hajaulizwa. Kwa Inspekta Adventina Rwegoshora hiyo ilikuwa dalili ya kwanza. Mtu asiyejua kilichotokea huuliza maswali. Salehe hakuuliza hata moja.

"Ni hujuma," alisema. "Hujuma tupu, Ndugu Inspekta. Binti yule ameijaza mashine takataka makusudi mpaka ikakwama. Wakulima elfu saba na zaidi hawasomeki. Wiki ijayo tunagawa mbolea. Tutagawa kwa kupiga ramli?"

"Nionyeshe mashine."

"Ripoti yangu inaeleza kila kitu. Kurasa kumi na moja."

"Nimeisoma. Nionyeshe mashine."

Ilikuwa Alhamisi, tarehe nane Machi 1984, saa tatu asubuhi. Siwema Mwishehe, mwendesha kompyuta wa kituo, alikuwa amelala mahabusu Kibaha usiku wa sita. Mwanasheria wa Mkoa alitaka jalada la kesi mezani kwake Ijumaa saa sita mchana. Likifika na neno "uhujumu" juu yake, binti huyo wa miaka ishirini na minne angepelekwa mbele ya watu waliohukumu kesi za uhujumu uchumi, ambao mwaka mzima uliopita hawakuwa na desturi ya kumrudisha mtu nyumbani. Adventina aliletwa kutoka Dar es Salaam kwa sababu hakuna askari wa Kibaha aliyeweza kueleza diski ni nini. Hata yeye hakuweza, mpaka Jumanne alipopewa kitabu cha mashine, akakisoma kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma. Salehe, aliyekaa na kitabu hicho miezi minne, alikuwa hajakifungua. Kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana kingoni Adventina alipopewa.

Chumba cha kompyuta ndicho pekee kilichokuwa na kiyoyozi, na kwa hiyo ndicho kilichotunza pia maji ya kunywa ya Mkuu na fungu la mchicha la mtu fulani. Kompyuta yenyewe ilikuwa kabati la chuma la rangi ya maziwa, zawadi ya wafadhili. Pembeni yake ukuta ulikuwa umeshika vumbi, isipokuwa sehemu moja ya mstatili, saizi ya karatasi ya barua, iliyobaki nyeupe. Kwenye pembe za mstatili huo palikuwa na matundu manne madogo.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Kalenda," alisema Salehe.

"Kalenda hutundikwa kwa msumari mmoja. Hiki kilibandikwa kwa pini nne."

"Basi ilikuwa kalenda ndogo."

Adventina aliandika: *kalenda ndogo*. Hakubishana. Alipenda uongo uandikwe mapema, ukiwa bado mbichi.

Fundi wa mashine, kijana mrefu aliyeitwa Fabian, alisimama mlangoni mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Diski inabeba herufi ngapi?" Adventina alimuuliza.

"Milioni kumi, afande."

"Programu za mashine yenyewe zinachukua ngapi?"

"Milioni moja na laki moja."

"Mkulima mmoja?"

"Mia mbili. Jina, kijiji, ekari, mazao, mbolea. Fomu imepangwa hivyo, haizidi."

"Na wakulima wanaotakiwa kuandikishwa?"

"Elfu tisa na mia mbili."

Alipiga hesabu kwenye daftari lake, tarakimu ndogo zilizonyooka. Baada ya kutoa programu, diski ilibaki na nafasi ya wakulima elfu arobaini na nne na nusu. Wilaya nzima isingejaza hata robo yake.

"Imekwama kwa mkulima wa ngapi?"

"Wa elfu saba mia nne na kumi na saba. Ijumaa saa nane mchana. Ilikosa nafasi katikati ya kuandika, na daftari la wakulima lililomo ndani, kwa kuwa halikufungwa sawasawa, mashine haikubali kulifungua tena. Ni kama vile mtu—"

"Sihitaji mfano. Majina yamo au hayamo?"

"Yamo. Kwa njia ya kawaida hayafikiki, ila diski naweza kuichapa ghafi, kurasa chache."

"Chapa kilichomo. Ukurasa wa kwanza na wa mwisho."

Fabian alimtazama Salehe. "Mkuu amesema mashine isiguswe."

"Mkuu si mpelelezi," alisema Adventina. "Wala si mtuhumiwa, mpaka sasa. Chapa."

Mashine ya kuchapia ilikereza kwa dakika mbili. Adventina alichana karatasi, akaisoma amesimama.

Mkulima nambari moja aliingizwa tarehe 14 Novemba 1983: Mwamvita Pazi, wa Mbwawa, ekari tatu, mihogo na korosho. Chini yake alikuwepo Mwamvita Pazi wa Mbwawa, ekari tatu, mihogo na korosho. Kisha tena. Alikuwepo mara sita. Mwamvita wa kwanza aliandikiwa ASILI. Waliofuata waliandikiwa NAKALA 1: MAKAO MAKUU, NAKALA 2: KATIBU KATA, NAKALA 3: BWANA SHAMBA, NAKALA 4: TAWI LA KISARAWE, NAKALA 5: JALADA.

"Umeona?" Salehe alisema nyuma ya bega lake. "Takataka."

"Takataka haina orodha ya wapelekewa."

Aligeukia ukurasa wa mwisho. Mkulima wa 7,417 alikuwa Mwanakheri Kibwana wa Kwala. Alikuwa na asili na nakala tatu. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Asili moja na nakala tano za herufi mia mbili ni herufi elfu moja na mia mbili. Aligawanya. Diski ilitosha wakulima 7,416 na herufi mia nane za ziada. Herufi mia nane ni asili moja na nakala tatu. Hesabu ilifunga kabisa. Hapakuwa na kitu kingine ndani ya diski, si orodha ya mkorofi wala barua ya mapenzi. Ilijazwa kwa utaratibu mmoja, kuanzia mkulima wa kwanza, siku ya kwanza.

"Ndugu Mkuu, Katibu Kata ana kompyuta?"

"Kompyuta? Katibu Kata hana hata baiskeli."

"Sasa nakala yake anaichukuaje? Anaingia humu ndani ya kabati?"

Salehe alicheka, akaona kwamba amecheka peke yake, akaacha.

"Ndiyo ujue ubaya wa yule binti," alisema. "Na kuna bwana mmoja, Hemedi, mfanyabiashara wa Mlandizi. Anakuja hapa kila siku ya Mungu kumwona. Anauza mbolea. Orodha ikipotea, mbolea inakwenda wapi? Kwa mlango wa nyuma, kwa Hemedi! Mimi ningekuwa polisi ningeanzia huko."

"Polisi imeanzia huko. Nimekutana na Hemedi asubuhi kituo cha polisi, ameshika bakuli la wali. Ni mchumba wake. Daftari lako la wageni linasema alifika hapa mara ya kwanza tarehe kumi na sita Januari. Nakala zilianza tarehe kumi na nne Novemba. Au unadhani alimtuma kabla hawajajuana?"

"Wapo watu wajanja."

"Wapo," alisema Adventina. "Hapa sijawaona."

*

Siwema aliletwa kutoka mahabusu akiwa na kanga moja mabegani na miguu mitupu. Hakulia. Adventina alishukuru kwa hilo. Machozi hupoteza muda.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Nani alikwambia uweke nakala tano?"

"Barua."

"Iliandikwa na nani?"

"Mkuu mwenyewe. Kumbukumbu namba KTW/M.10/47, ya tarehe kumi na nne Novemba. Ilisema masharti ya masjala yatumike pia kwenye kompyuta, kila kumbukumbu iwe na asili na nakala tano kwa wapelekewa wa kawaida."

"Umeikariri."

"Mimi nimetoka masjala, afande. Tawi la Kisarawe. Barua hatuiiti kwa sura, tunaiita kwa namba."

"Uliona kwamba ni upumbavu?"

Siwema alitazama meza. "Niliona."

"Ukasema?"

"Nilimwambia, Mkuu, diski itajaa kabla wakulima hawajaisha. Akaniambia diski ni ya serikali, haiwezi kujaa."

Konstebo Salumu, dereva aliyekuwa amekaa mlangoni, alikohoa kuficha kicheko. Adventina hakugeuka.

"Ulimwambia kwa maandishi?"

"Kwa mdomo tu."

"Kwa hiyo yeye ana ripoti ya kurasa kumi na moja, wewe una mdomo."

"Nilikuwa na barua, afande. Niliibandika ukutani karibu na mashine, kwa pini nne, kila mtu aione. Waliponikamata ilikuwepo."

"Ulikuwa na barua inayoweza kukutoa humu, ukaibandika ukutani kwa mtu aliyeiandika."

Binti alinyanyua macho kwa mara ya kwanza. "Ndiyo mahali pa tangazo, afande. Ukutani."

Adventina alifunga daftari. Kumhurumia kungekuwa rahisi, na kusingemsaidia. Alichokuwa nacho mpaka sasa kilikuwa matundu manne, mstatili mweupe, na mtuhumiwa anayekumbuka namba. Mwanasheria wa Mkoa angevipuliza vyote kutoka mezani kama majivu ya sigara.

*

Jalada M.10 lilikuwa nene kama mkate. Salehe alilileta mwenyewe, akalifungua mwenyewe, akaweka kidole kwenye folio ya 47, karatasi yenye namba hiyo, kama mwuza nguo anayeonyesha kitambaa.

"Arobaini na sita, arobaini na saba, arobaini na nane. Hakuna pengo. Na arobaini na saba, kama unavyoona, inahusu sukari ya chai ya wageni. Haina habari ya kompyuta. Binti mwongo."

"Niachie."

"Nitakaa nawe, kama utahitaji ufafanuzi."

"Nikihitaji ufafanuzi nitasoma."

Alipobaki peke yake alianza na tarehe, kwa kuwa watu wanaoghushi hukumbuka namba na kusahau tarehe. Folio ya 46 iliandikwa tarehe 11 Novemba. Ya 48 iliandikwa tarehe 21 Novemba. Katikati yao sukari ya wageni iliandikwa tarehe 9 Januari. Namba 47 juu yake ilikuwa ya wino mwekundu wenye kung'aa, na chini ya wino huo karatasi ilikuwa imekwaruzwa kwa wembe. Alifunua mbele mpaka Januari. Ilikuwepo folio ya 58, kisha ya 60. Salehe alikuwa amehamisha barua moja kuziba nafasi ya nyingine, na hakuwa amefikiri kwamba barua aliyoihamisha nayo itaacha nafasi.

Mtu wa namna hiyo alikuwa anaongoza watu thelathini na mmoja.

Aliendelea kufunua. Chini ya kila barua ya Salehe palikuwa na maneno yaleyale, *Nakala kwa:*, na wapelekewa walewale watano. Barua ya ufunguo wa choo ilikuwa na nakala tano. Barua ya kukataza kuanika nguo kwenye ua wa ofisi ilikuwa na nakala tano, na moja ilikwenda Makao Makuu. Kwa miaka mitatu mtu huyu hakuwahi kuandika neno lisilokwenda kwa watu watano.

Kwa hiyo na barua ya tarehe 14 Novemba ilikwenda kwa watu watano. Moja ilikuwa humu, imechomolewa. Asili ilikuwa ukutani, imebanduliwa. Zilibaki nne.

Aliomba kitabu cha safari za gari la kituo. Dereva wa gari hilo alikitoa bila shida. Hakuna aliyekuwa amemwambia akifiche. Jumamosi tarehe tatu Machi, siku moja baada ya Siwema kukamatwa: Kibaha mjini kwa Bwana Shamba, Mlandizi kwa Katibu Kata, Dar es Salaam Makao Makuu, Kisarawe. Madhumuni: *kukusanya barua*. Lita arobaini za petroli, katika mwezi ambao gari la wagonjwa lilikuwa likisukumwa. Jumatatu tarehe tano: Kisarawe peke yake. Madhumuni: *kukusanya barua*.

"Salumu," alisema.

"Afande."

"Kwingine kote gari limekwenda mara moja. Kisarawe mara mbili. Kwa nini?"

Salumu alifikiri. "Labda mara ya kwanza hawakumkuta mtu."

"Au walimkuta mtu. Washa gari."

*

Walipinda Kiluvya, wakapita barabara ya udongo ambayo mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kuimega. Land Rover iliyumba saa moja na nusu. Walipanda vilima vya Kisarawe saa nane na dakika ishirini, ofisi zikiwa zimebakiza saa moja na dakika kumi kufungwa.

Tawi lilikuwa nyumba ya vyumba viwili. Masjala ilikaa chumba cha nyuma, na ndani yake alikaa mzee mwembamba mwenye kofia ya viua na miwani iliyofungwa uzi. Majalada yake yalipangwa mgongo kwa mgongo bila hata moja kutokeza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mie Mwinyimadi. Nikusaidie nini?"

"Inspekta Rwegoshora, Idara ya Upelelezi. Nataka jalada la barua kutoka Kibaha."

"Una barua?"

Alitoa hati ya upekuzi. Mzee aliisoma yote, akageuza nyuma kuona kama imeendelea, akairudisha.

"Hii inasema polisi waingie. Umeshaingia, mwanangu. Haisemi folio itoke."

Salumu alipiga hatua. "Mzee, huyu ni Inspekta!"

"Wee kijana, hata angekuwa nani. Tangu kabla ya Uhuru nakaa kiti hiki. Mzungu D.C., mkuu wa wilaya wa zama zile, alitoka hapa mikono mitupu, sembuse wewe na buti lako."

Adventina alimzuia Salumu kwa kidole. Alivuta karatasi, akaandika ombi: folio inayotakiwa, sababu, tarehe, cheo, saini. Mwinyimadi alipiga muhuri wa kupokea, akaandika saa, ndipo akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza katika siku tatu Adventina kumwona mtu anayejua kazi yake, na jambo hilo lilimkera kidogo, kwa kuwa alikuwa ameshazoea kutomkuta.

Mzee alirudi na jalada, akalilaza wazi mezani. Nakala ya kaboni, KTW/M.10/47, 14 Novemba 1983. *YAH: MASHARTI YA MASJALA KUTUMIKA KATIKA KOMPYUTA.* Kila neno lilikuwa kama Siwema alivyolitaja. Chini, kati ya wapelekewa watano, wa nne alikuwa amewekewa alama ya vema.

"Jumamosi alikuja dereva kuitaka," alisema Adventina.

"Ee, alikuja. Ati Mkuu anaitaka ile barua. Nikamwambia, barua ya kuitaka barua iko wapi? Hana. Nikamwambia rudi ukailete."

"Jumatatu akarudi."

"Akarudi nayo."

"Nayo nini?"

"Barua." Mwinyimadi alifunua folio iliyofuata. "Si hii hapa."

Aliisoma mara moja, kisha mara ya pili, si kwa sababu hakuielewa.

*YAH: KURUDISHWA KWA BARUA YANGU KUMB. NA. KTW/M.10/47 YA 14/11/1983. Barua tajwa hapo juu ilitolewa kimakosa. Tafadhali mkabidhi dereva mara moja, wala tawi lako lisibaki na nakala yoyote.* Tarehe 5 Machi 1984. Hii haikuwa kaboni. Ilikuwa asili, imetiwa saini kwa wino wa bluu, S. Kirumbi, na muhuri juu ya saini.

Na chini, kwa herufi zilizopangwa vizuri: *Nakala kwa:*. Watano walewale.

"Kwa nini hukumpa dereva?"

"Ningempaje? Folio ikishapewa namba huazimwa tu; kuondoka isirudi, mpaka kitajwe kifungu. Hakutaja kifungu. Nimemjibu aeleze anatumia kifungu gani." Mzee aliinua bega. "Jibu langu liko posta."

Alichomoa folio mbili kwa uangalifu, akaweka mahali pake vipande viwili vya karatasi ngumu vyenye jina la aliyechukua na tarehe, akasukuma daftari ili Adventina atie saini. Alitia saini mara mbili.

"Siwema anakula?" mzee aliuliza, macho yakiwa kwenye daftari.

"Anakula. Mchumba wake anampelekea."

"Mie ndiye niliyemfundisha kazi. Nilimfundisha afuate barua." Alikausha wino kwa karatasi ya kunyonyea, taratibu. "Sikumfundisha aikatae."

"Ningekuwa wewe," alisema Adventina, "ningeongeza somo."

*

Ijumaa saa tatu asubuhi Salehe alikuwa ameagiza chai ya watu wawili. Adventina hakuigusa. Aliweka nakala ya kaboni mezani.

Salehe aliitazama kwa muda mfupi kuliko mtu asiyewahi kuiona.

"Hii ni kaboni," alisema. "Haina saini. Mtu yeyote mwenye taipureta anaweza kuchapa hii. Yule mzee wa Kisarawe ndiye aliyemlea Siwema kazini, wote kitu kimoja. Asili yake iko wapi? Lete asili, Ndugu Inspekta, ndipo tuzungumze."

"Kweli kabisa. Ndiyo maana nimeleta na hii."

Aliweka ya pili. Salehe alisoma barua yake mwenyewe midomo ikichezacheza.

"Saini ya nani?"

Salehe alifunika saini kwa kiganja.

"Unaomba urudishiwe barua ambayo jana uliniambia haijawahi kuwepo. Umeitaja kwa namba, tarehe na kichwa cha habari. Umeagiza pasibaki nakala yoyote, kisha ukaagiza nakala tano za agizo hilo. Hivi, Ndugu Mkuu, ulipokuwa unatia saini ulikuwa unafikiri nini?"

"Nilifuata utaratibu," Salehe alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa. "Barua bila wapelekewa si barua. Mimi sikuiba kitu. Sikufilisi mtu. Nilitaka kompyuta iendeshwe kama ofisi nyingine za umma, ndiyo kosa langu?"

"Hapana. Sheria haina kifungu cha upumbavu. Kingekuwepo, magereza yasingetosha. Kosa lako ni kuchomoa waraka wa serikali, kughushi namba ya folio, na kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ili mtu mwingine afungwe. Diski ilipojaa ungesema, nimekosea. Neno moja, Ndugu Salehe. Lingeenea hata kwenye mashine yako."

"Mwaka huu?" Salehe alimnong'oneza ghafla, kama anayemwambia siri. "Useme umekosea, mwaka huu? Wangeniita mimi mhujumu!"

"Kwa hiyo ukaona aitwe yeye."

Alitoa karatasi za maelezo, akaandika kwa mkono, akamsomea. Salehe alitia saini kila ukurasa bila kupinga neno. Konstebo Salumu alipomshika kiwiko, Mkuu wa Kituo alisimama, akanyoosha suti yake ya Kaunda, akageuka.

"Naomba nakala," alisema.

"Utapata moja."

*

Saa tano kasoro robo Siwema alikabidhiwa viatu vyake, pini za nywele na saa iliyosimama. Adventina alikuwa ameshapeleka jalada kwa Mwanasheria wa Mkoa, bila neno "uhujumu" mahali popote isipokuwa pale aliponukuu ripoti ya kurasa kumi na moja. Hemedi alingoja nje kwenye kivuli cha ukuta, bakuli mkononi, akiwa amevaa shati la sikukuu.

"Ahsante, afande," alisema Siwema.

"Usinishukuru. Usingefuata upumbavu miezi minne, nisingekanyaga tope la Kiluvya."

Siwema alipokea hilo kwa kutikisa kichwa. Kisha akauliza jambo ambalo Adventina hakulitarajia kutoka kwa mtu aliyetoka mahabusu dakika tatu zilizopita.

"Nakala zimeshafutwa? Zikifutwa daftari litafungika sawasawa, litasomeka. Mbolea inatoka Jumatatu."

"Bado."

"Fabian anajua kuzifuta. Kazi ya saa mbili."

"Fabian anajua," alisema Adventina. "Nimemwambia asubuhi. Anasema anasubiri barua."

Walitazamana. Siwema ndiye aliyetabasamu kwanza, kidogo, upande mmoja wa mdomo. Adventina hakutabasamu, lakini alifungua daftari lake, akachana ukurasa na kuandika akiwa amesimama, bila kichwa cha habari wala kumbukumbu namba: *Kompyuta, iliyokuwa kielelezo, imeachiliwa. Siwema Mwishehe afute nakala zote tano za kila mkulima, abakize asili.* Tarehe, cheo, saini.

Siwema aliisoma mpaka mwisho. Alitazama chini ya saini, mahali ambapo palipaswa kuwa na orodha, akaona papo peupe.

"Nakala ziende kwa nani, afande?"

"Haziendi kwa mtu yeyote."

Binti alikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo kwa meno.

"Huibandiki ukutani?"

"Hapana, afande," alisema Siwema. "Fabian nitamsomea. Hii nakaa nayo mwenyewe."